Architects: kutoka Nightmares mpaka leo. Wamelainika, au sisi ndio hatutaki kumzika Tom?

NyuziSita (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bendi hii ya metali ya Uingereza ikiachia wimbo, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajaandika "Architects wa zamani wako wapi?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, leo nashusha uzi mzima. Ni mrefu. Asiye na subira ashuke chini moja kwa moja akatukane kama ada.

Hoja yangu naitanguliza nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu: hakuna Architects wa zamani mmoja. Wapo kama wanne au watano. Na yule ambaye wengi wenu mnamlilia si "bendi ya zamani", ni mtu. Ana jina, na alifariki tarehe 20 Agosti 2016.

Tuanze mwanzo. Brighton, Uingereza, mwaka 2004. Ndugu wawili mapacha, Tom Searle kwenye gitaa na Dan Searle kwenye drumu. Albamu ya kwanza, Nightmares, ikatoka 2006, na anayeunguruma humo siyo Sam Carter, mwimbaji mnayemjua leo, ni Matt Johnson. Wengi wanaodai kuipenda "ile ya zamani" hawajawahi kuisikiliza hii, nina uhakika. Ni muziki wa kuhesabia vidole. Unaanza kutikisa kichwa, rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) inakatika, unabaki shingo imening'inia hewani. Vijana wadogo wanaoonyesha kwamba wanajua kupiga. Naiheshimu, ila siirudii mara nyingi.

Sam akaingia 2007, na Ruin ikatoka mwaka huohuo. Halafu 2009 wakashusha Hollow Crown, na hapo ndipo wazee wa metalkoo walipoanza kugeuka kuangalia. (Metalkoo ndiyo metalcore, metali iliyochanganywa na hardcore punk. Aliyeupa jina la Kiswahili muziki huu alibahatisha vizuri, maana kweli ni muziki wa koo.) Hollow Crown ina hasira ya kijana ambaye hajui bado anamkasirikia nani. Lakini sikilizeni wimbo wa mwisho, ule unaobeba jina la albamu. Sam anaimba. Siyo kunguruma, kuimba. Mwaka 2009! Kwa hiyo mnaosema kuimba kulianza 2021 baada ya kuonja pesa, hapo mmeshikwa.

Baadaye 2011 wakatoa The Here and Now. Lo! Vibwagizo vimeng'arishwa, makali yamefutwa, kila kitu kimepakwa mafuta. Mashabiki wakaikataa, na wao wenyewe baadaye wakaja kuikana hadharani. Nawaomba mkumbuke hili tutakapofika mbele: bendi hii imeshalainika mara moja, ikaona aibu, ikarudi. Na Tom alikuwa hai, ndiye aliyeshika gitaa.

Mwaka 2012 wakaja na Daybreaker, ambayo kwangu ni daraja. Siasa zikaingia kwa nguvu. Devil's Island ni ghasia za mitaani zilizoikumba Uingereza mwaka 2011. Mwaka huohuo mpiga gitaa wao wa pili, Tim Hillier-Brook, akaondoka. Kikabaki gitaa kimoja cha kuandika, mikononi mwa mtu mmoja.

Naweka koma hapa, nije na sehemu ya pili. Hiyo ndiyo nyama.

---

SpikaMbovu

Nimeweka kambi. Ila nakuonya mapema mkuu, nimekuwa na bendi hii tangu Ruin na huna utakachosema kunifanya niupende ule wimbo wao wa 2021, Animals.

KijitiMkononi

Siti ya mbele hii. Mleta uzi usiingie mitini kama wenzako, uzi wa bendi ya Parkway Drive mpaka leo tunasubiri sehemu ya pili.

MgeniWaRifu

Mimi mgeni kabisa, nimeijua bendi kupitia wimbo wa Seeing Red. Nasoma tu kwanza.

---

NyuziSita

Sehemu ya pili.

Mwaka 2013 wakasaini na lebo ya Epitaph. Wakaenda Gothenburg, Sweden, kwa Fredrik Nordström na Henrik Udd, Studio Fredman. Kwa wasiojua, humo ndimo ilimopikwa ile sauti ya Gothenburg miaka ya 90, akina At the Gates na In Flames. Wakatoka na Lost Forever // Lost Together, Machi 2014.

Hapa nataka nipunguze mwendo, maana kelele zote mnazozisikia kwenye bendi nyingine leo zina deni hapa. Rifu ya Tom inafanyaje kazi?

Chukua gitaa, legeza nyuzi mpaka ule mnene kabisa unakaribia kuwa besi. Upige ukiwa wazi, huku kiganja cha mkono wa kulia kimeulalia kidogo, ili usilie "dooong", ulie "tuk". Tuk-tuk. Tuk. Halafu ghafla ruka juu kabisa, piga noti moja nyembamba inayolia kama king'ora cha gari lililogongwa usiku. Rudi chini. Tuk. Katikati ya chini na juu hamna kitu. Pametupu. Na ile nafasi tupu ndiyo inayoikaza shingo yako, kwa sababu hujui king'ora kitarudi lini. Bendi nyingine zilikuwa zinajaza kila mwanya kwa noti. Tom aliacha mashimo, na nyuma ya mashimo akaweka vinanda vilivyofifia, kama taa ya chumba cha jirani inayopita chini ya mlango.

Nimekaa na Naysayer, wimbo wa albamu hiyo, wiki nzima nikijaribu kuipiga. Noti nilizipata siku ya kwanza. Mashimo sijayapata mpaka leo. Mkono wangu unataka kugusa kitu tu.

Baada ya 2014 kila bendi changa ya metalkoo ikawa na tuk na king'ora. Ilifika mahali unasikia wimbo mpya unadhani ni wao, kumbe ni watoto wa juzi. Na ile "blegh" ya Sam kabla ya brekidauni (pale wimbo unapopunguza kasi na kuwa mzito), kile kisauti kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha, ikawa salamu ya ukoo mzima.

Sasa kitu ambacho wengi wetu hatukukijua. Tom alikuwa na saratani ya ngozi, melanoma. Aliugua kwa takriban miaka mitatu, na muda mwingi katika huo alikuwa jukwaani, ziarani, gitaa begani. Lost Forever kuna wimbo unaitwa C.A.N.C.E.R. Tuliusikiliza, tukaupigia vichwa, tukapita. Neno limeandikwa herufi moja moja na bado hatukulisoma.

Tarehe 27 Mei 2016 ikatoka All Our Gods Have Abandoned Us. Watu wa Gothenburg walewale. Nyeusi kuliko zote. Chini ya miezi mitatu baadaye Tom akafariki, akiwa na umri wa miaka 28.

Mwenye moyo aisikilize tena sasa Gone with the Wind, akijua mwandishi wake alikuwa anatoka hospitali na kurudi hospitali. Ilipotoka niliuona ni wimbo mzuri wenye huzuni ya kisanii. Leo siuweki nikiwa na watu. Halafu albamu inafungwa na Memento Mori, dakika nyingi, taratibu, na ndani yake sauti ya mwanafalsafa, mzee Alan Watts, akizungumza. Mtu aliyejua anaondoka ndiye aliyechagua ile sauti ikae mwisho.

---

KijitiMkononi

Mkuu umenikamata pabaya, niko kazini.

Niongeze kwa upande wa drumu, maana Dan hatajwi anavyostahili. Sikilizeni All Our Gods kwa kufuata mguu wake tu. Mguu wa kulia umeshonwa na mkono wa kulia wa Tom, tuk ya gitaa na tuk ya kiki, ile ngoma ya mguu, ni kitu kimoja, huwezi kuingiza hata wembe katikati. Kuna wapiga drumu hodari kuliko Dan, ila wale walikua kitanda kimoja, tumbo moja. Huo mshono haununuliwi. Ndiyo maana mimi najiuliza swali moja tu: huyu mtu aliwezaje kurudi kukaa kwenye kiti?

NyuziSita

Ndiko ninakokwenda.

Kwa mwaka mmoja hakuna aliyejua kama bendi ipo au haipo. Walimaliza ziara, Sam anaimba huku analia, ilikuwa ngumu hata kutazama. Halafu Septemba 2017 ikatoka Doomsday. Ule wimbo Tom aliuanza, hakuumalizia. Aliyeumalizia ni Dan, pamoja na Josh Middleton wa bendi ya Sylosis aliyechukua gitaa. Ukiusikiliza kwa makini unahisi rifu ina mkono wa mtu na kibwagizo kina mkono wa mtu mwingine. Labda najidanganya. Ila nausikia hivyo.

Februari 2018 wakajaza Alexandra Palace, London, ukumbi unaobeba watu kama 10,000. Novemba mwaka huo ikatoka Holy Hell. Dan akachukua kalamu ya mashairi, na yeye na Josh ndio wakakaa kwenye kiti cha prodyuza. Inaanza na vayolini, Death Is Not Defeat, na inaisha na A Wasted Hymn. Katikati ni matanga. Nasema hivyo kwa heshima, albamu nzima ni ndugu anaongea na ndugu yake aliyezikwa, na sisi tumekaa kwenye mkeka tunasikiliza.

Kimuziki, Holy Hell ni All Our Gods iliyoandikwa na watu waliokaa miaka pembeni ya Tom. Tuk ipo. King'ora kipo. Josh alifanya kazi ya heshima sana, aliingia nyumba ya marehemu bila kuhamisha viti.

Sasa niambieni. Baada ya hapo mlitaka wafanye nini? Waendelee kutengeneza Tom wa bandia kila miaka miwili?

---

SpikaMbovu

Haya, zamu yangu.

Kwanza pole imefika, sina ugomvi na msiba. Nilimlilia Tom. Ila mkuu unatumia marehemu kama ngao. For Those That Wish to Exist ilitoka Februari 2021, karibu miaka mitano baada ya kifo. Nyimbo 15! Kumi na tano! Animals ni rifu moja imezungushwa mpaka imechoka, kibwagizo cha kuimbwa na uwanja. Wamemwalika Mike Kerr wa Royal Blood, wamemwalika Simon Neil wa Biffy Clyro. Hao ni watu wa redio. Na walichokitafuta wakakipata, namba moja kwenye chati ya albamu Uingereza. Usiniambie hiyo ni huzuni. Huo ni mpango wa biashara.

Tena umesema mwenyewe hapo juu, The Here and Now waliikana. Walichokifanya 2021 ni The Here and Now yenye bajeti.

MgeniWaRifu

Duh. Hapo jamaa kagonga.

NyuziSita

Amegonga kweli, tusibishane kwa ubishi tu. Nyimbo 15 ni nyingi, nne ningezitoa bila kujuta. Na wageni umewataja nusu: umemruka Winston McCall wa Parkway Drive, kwa sababu Impermanence ni nzito na inakuharibia hesabu.

Lakini kuhusu The Here and Now siko na wewe. Ile ya 2011 ilikuwa ya vijana wanaojaribu nguo za watu. Hii ya 2021 inatoka kwa mpiga drumu aliyejikuta mwandishi mkuu. Weka hilo kichwani ndipo uisikilize. Mpiga gitaa akiandika wimbo anaanza na rifu, vidole vinatangulia. Dan hana rifu vidoleni. Anaanza na sauti, mdundo, kinanda, kompyuta, maneno. Ndiyo maana gitaa limerudi nyuma na vibwagizo vimekuwa vikubwa. Mwandishi amebadilika, basi. Ungemlazimisha aandike kama Tom angekuletea kivuli.

Na mashairi yake si ya redio unavyosema. Ile albamu inahusu dunia inayoungua na sisi tumekaa tunatazama, na yeye anajiweka kwenye kundi la wenye hatia. Mwishoni kuna Dying Is Absolutely Safe, gitaa kavu na sauti, hakuna brekidauni. Uliufikia huo, au ulizima wimbo wa tano?

SpikaMbovu

Nilizima wa saba. Heshima yangu iko palepale.

KijitiMkononi

Hahaha! Kumbe unahukumu kesi hujasoma faili.

Mimi nasimama katikati. Ile albamu iliniingia nilipoisikia na okestra. Walirekodi Abbey Road, wao na Parallax Orchestra, ikatoka 2022. Vile vipande ambavyo studio vilisikika kama vimebandikwa, humo vinapumua. Ila Spika, kwenye jambo moja nakuunga mkono: the classic symptoms of a broken spirit. Hiyo ya Oktoba 2022. Sijui walikuwa wanatafuta nini.

NyuziSita

Hiyo hata mimi siitetei. Majina yote ya nyimbo herufi ndogo, mitambo mingi, vibwagizo kila kona, na hakuna mahali pa kushika. deep fake inapita, when we were young inapita, zilizobaki nikiulizwa niziimbe sasa hivi naumbuka. Nadhani hapo ndipo njia ya Dan ilipogonga ukuta. Amekwepa kivuli cha kaka yake mpaka akatoka nje ya nyumba. Mwaka uliofuata Josh akaondoka, akarudi kwenye mambo yake ya Sylosis.

Tuseme ukweli, mwaka 2023 niliwafuta. Wakati wanafungua maonyesho ya Metallica Ulaya mimi nilikuwa nasikiliza watu wengine.

Desemba ya mwaka huohuo ikaangushwa Seeing Red.

MgeniWaRifu

Hapo ndipo nilipoingia mimi! Nini kilibadilika?

NyuziSita

Jordan Fish, dada au kaka, sijui nikuiteje. Yule wa kinanda aliyekuwa Bring Me the Horizon, ambaye habari za kuachana na bendi yake zilitoka mwezi huohuo. Yeye ndiye prodyuza. Na kibwagizo cha Seeing Red kinawapiga dongo watu wanaoipenda bendi ikiwa imekasirika tu. Yaani dongo ni la Spika. Halafu baada ya kuwapiga dongo wanawapa wanachokitaka, "blegh" ikiwemo, imewekwa wazi kabisa kama mtu anayekwambia haya chukua, si ndiyo uliyokuwa unaililia?

Niliposikia ile blegh nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaona kitu kingine. Kwa mara ya kwanza tangu 2016 walikuwa wanaitania sauti yao wenyewe. Mtu hatanii kitu anachokiomboleza. Ilibidi miaka saba ipite.

Albamu yenyewe, The Sky, the Earth & All Between, ikatoka tarehe 28 Februari 2025. Elegy inafungua: inaanza kwa upole, inakupumbaza, halafu inakuangukia. Whiplash, Blackhole, uzito umerudi. Everything Ends ni wimbo wa kuimba kabisa na hauombi radhi. Vitu viwili ambavyo mashabiki wamevigombania tangu Hollow Crown vinakaa albamu moja bila kugombana. Gitaa ni la Adam Christianson sasa, na halijaribu kuwa la Tom. King'ora kimepungua. Mashimo yamejazwa. Hilo linanisikitisha kidogo, sitaficha.

KijitiMkononi

Kuna upande mwingine wa Sam ambao watu wameusahau. Agosti 2017, Lowlands, Uholanzi. Alisimamisha onyesho katikati kwa sababu alimuona mwanamume anamshika binti aliyekuwa anapitishwa juu ya vichwa vya watu. Alimkaripia mbele ya umati wote, akamwambia aondoke. Hiyo ni wiki ileile inayotimiza mwaka tangu Tom afariki. Angeweza kufumba macho akaimba tu.

MgeniWaRifu

Ni dada, mkuu. Na asanteni. Sasa mtu kama mimi nianzie wapi? Msinipe albamu kumi.

NyuziSita

Dada yangu, anza na Lost Forever // Lost Together, yote, kwa vipokea sauti vya masikioni, siyo spika ya simu. Simu inakula ule uzi mnene wote, utabaki na king'ora tu. Kisha All Our Gods. Kisha pumzika siku mbili, usiziunganishe na Holy Hell usiku mmoja, nilifanya hivyo na sikulala. Hollow Crown ukiwa na hasira. Ya 2025 unaijua tayari. Nightmares muachie Spika.

SpikaMbovu

Nightmares ni yangu, ondoeni mikono.

Nimerudi kuripoti. Usiku nimeifungua ile ya 2021, nikaruka mpaka wimbo wa 15 moja kwa moja, maana sina muda wa kuonewa mara 14. Dying Is Absolutely Safe. Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya pili nilikuwa nasubiri brekidauni, najua haipo, na bado naisubiri. Mara ya tatu nikakumbuka maelezo yako ya mashimo.

Naomba nisiulizwe zaidi.

Animals bado ni takataka.

KijitiMkononi

Imeandikwa, imesainiwa. Modereta aubandike uzi huu juu.

NyuziSita

Nimekubali Animals. Sasa rudi wimbo wa nane, ulipokomea siku ile.

SpikaMbovu

Kesho.